Mvinyo wa Slovenia Katika Nyumba Isiyo na Pombe

Mdogo wangu alirudi Sumbawanga baada ya miaka tisa akiwa na begi moja la nguo na chupa sita za mvinyo. Ya sita ilikuwa imepasukia njiani, mahali fulani kabla ya Tunduma, na kitenge alichomnunulia mama kilikuwa kimelowa chote. Nilikwenda kumpokea stendi. Kabla hata hatujasalimiana vizuri alichuchumaa palepale penye tope, akafungua zipu, akaanza kupapasa ndani ya nguo.

"Tano," alisema. "Afadhali. Nilidhani zote zimekwenda." Kisha akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, dada."

Niliitikia marahaba, nikamkumbatia, lakini moyoni nilikuwa nimeshaudhika. Baba yetu alifariki mwaka uliotangulia, yeye akiwa hukohuko Slovenia alikokwenda kusoma akaoa akabaki, na hakuja kuzika. Alisema mambo ya vibali. Tulizika bila yeye, watu wakatuuliza, tukawajibu vilevile, mambo ya vibali. Sasa amekuja, na kitu cha kwanza anachokihesabu ni chupa za pombe. Tena anazileta kwangu.

Kulikuwa na jambo ambalo hakulijua, na aliyemficha ni mimi. Nyumba yetu ya Majengo ilikuwa haijaingiwa na tone la pombe kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Mume wangu ni mtu wa Mbeya, mpima ardhi wa serikali, alihamishiwa huku akiwa kijana na ndipo tukaoana. Alikuwa anakunywa. Hakuwa mlevi wa kupiga wala wa kutukana watu. Alikuwa wa kupotea. Anatoka kwenda dukani, anarudi kesho yake. Anakaa mbele yako anakutazama na hayupo. Mwisho ulikuja siku alipompakia binti yetu kwenye pikipiki ya ofisi kumrudisha kutoka kijijini kwa mama, wakaingia mtaroni barabara ya Matai. Mtoto alivunjika mfupa wa bega. Yeye hakuumia hata ukucha, na nadhani hilo ndilo lililomtesa zaidi. Tangu siku hiyo hajanywa. Hakwenda popote kupata msaada, hakuapa mbele ya mtu. Aliacha tu, na mimi nikawa naishi kama mtu aliyebeba sufuria ya maji ya moto, hatua kwa hatua, bila kugeuka.

Hapo ni lazima niseme habari ya pua yangu. Kazi yangu ni kupokea mahindi kwenye ghala la nafaka. Kila gunia linaloingia nalichoma kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachotoa punje kutoka katikati ya gunia, nazimwaga kiganjani, naziangalia, nazinusa. Mkulima anaweza kukausha mahindi ya juu na kuficha mabichi chini, lakini harufu haifichiki. Najua mahindi yaliyonyeshewa na mvua ya siku moja na yaliyonyeshewa wiki nzima. Najua yaliyolala karibu na mbolea. Wenzangu wana kipimo cha unyevu chenye betri, na betri ikiisha wananiita.

Pua hiyohiyo ndiyo niliyoitumia nyumbani. Mume wangu alikuwa akitafuna tangawizi mbichi, akila machungwa, mara nyingine kitunguu saumu, na mimi nilikuwa nikimpokea mlangoni kwa kumsogelea kana kwamba nataka kumtua mkoba, kumbe namnusa. Hata baada ya kuacha sikuacha. Kila siku anaporudi kazini, namsogelea, napokea mkoba. Hatukuwahi kulizungumza.

Kwa hiyo mdogo wangu alipozipanga chupa zake mezani kwangu, mume wangu akiwa bado ofisini, nilimvuta jikoni nikamweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ungefanya nini ukiwa huko?"

"Nisingezileta."

"Basi zifunge, tutazipeleka pengine."

Alizileta jikoni, akaanza kuzifunga kwenye sweta zake. Sikujua kwamba mume wangu alikuwa ameshaingia uani na anavua viatu. Alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na soksi, akamsalimia shemeji yake, wakashikana mikono kwa furaha ya kweli, maana walipendana. Halafu akasema, "Mwache afungue siku yake atakayotaka. Ametoka mbali. Mimi si mtoto."

Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikaa sebuleni sisi watatu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kijibaridi kilikuwa kinapita chini ya mlango. Mume wangu alijiletea soda ya tangawizi, akakaa kiti cha dirishani. Mdogo wangu hakupata glasi anazozitaka, akachukua za juisi. Alikuwa na hofu kama mtu anayeanza mtihani. Alisema tumimine kidogo tu, tuinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe, tuangalie rangi. Nikageuza ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita. Kisha tuzungushe, tunuse, tuzungushe tena, tunuse tena, halafu tuchukue funda dogo, tulisukutue taratibu, na kama hatutaki kumeza tuteme kwenye jagi.

"Kwetu divai ni ya padri tu," nilimwambia. "Na yeye hatemi."

Alicheka kidogo. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, inaitwa rebula, inatoka kwenye vilima vinavyopakana na Italia. Niliweka pua ndani ya glasi kwa namna ninavyoiweka kiganjani kazini, bila kutarajia kitu. Nikanusa ganda la limau. Nikanusa ua la maharage, lile la asubuhi kabla jua halijalikausha, na nyuma yake kitu kama jiwe la kusagia lililooshwa sasa hivi. Nilisema yote hayo kwa sauti kwa sababu ndiyo mazoea yangu, kazini huwa nasema na mwenzangu anaandika. Nilipoinua macho mdogo wangu alikuwa ananitazama kwa mdomo wazi.

"Rudia," alisema.

"Limau, ua la maharage, jiwe."

"Dada, nilikaa miaka miwili kabla ya kulipata hilo jiwe."

Chupa ya pili nayo ilikuwa nyeupe. Aliifungua kwa kujivuna, alisema ni zabibu adimu, hazistawi nje ya bonde moja tu, na chupa yenyewe alipewa na rafiki. Nilinusa, nikairudisha glasi mezani.

"Hii imevunda."

"Hapana, ndivyo ilivyo. Ni nzito kidogo mwanzoni."

"Imevunda. Ni gunia lililolowa likakunjwa likiwa bichi. Nusa vizuri."

Alinusa, akakunja uso, akanusa tena. Akachukua kizibo, akakipeleka puani. Taratibu akakiweka chini. "Ni kizibo," alisema. "Huwa inatokea. Kizibo kikiwa na kasoro, mvinyo wote unachukua harufu ya uvundo. Mimi mwenyewe nisingelijua mapema hivyo." Nilimwona amefedheheka, kwa kuwa alikuwa ameibeba chupa hiyo nusu ya dunia, lakini nilimwona pia ananitazama kama mtu aliyekuta kitu cha thamani kwenye nyumba aliyokulia.

Akafungua ya tatu kufidia ile mbovu. Ilikuwa nyekundu hafifu, karibu rangi ya maji yaliyolowekwa karanga, inaitwa cviček, zabibu nyekundu na nyeupe pamoja. Ilikuwa chachu mno hata machozi yakanitoka, nikacheka. Nilisema ni zambarau zilizochumwa na mtu asiye na subira. Mdogo wangu naye akacheka, akasema huko wanaipenda hivyohivyo, wanainywa shambani na soseji, na wazee wanaapa kuwa inawatibu. Akatueleza sikukuu ya mwezi wa kumi na moja ambapo maji ya zabibu yanahesabiwa kuwa yamekuwa mvinyo, padri anabariki mapipa, na kijiji kizima kinakula bata. Nikauliza hili, nikauliza lile. Nilikuwa nimechangamka kwa namna ambayo sikuikumbuka. Kwa miaka yote pua yangu ilikuwa ya kutafuta kasoro. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza nimenusa nini kizuri.

Ndipo nikamwangalia mume wangu. Soda yake ilikuwa haijaguswa. Alikuwa ameokota kizibo cha ile rebula, anakizungusha kati ya vidole, polepole, na hakuwa anatusikiliza.

"Naenda kwa jirani," alisema, "kuangalia pampu yake ya maji."

Alivaa viatu, akachukua mkoba wake, akatoka. Aliporudi jua likizama, nilimpokea mlangoni, na nilimsogelea. Hakuwa na kitu. Lakini safari hii aliusukuma mkoba mikononi mwangu kabla sijaufikia.

Wiki iliyofuata tulikwenda kijijini kwa mama, mimi na mdogo wangu. Ni kuacha lami kabla ya kufika Matai, kisha mwendo wa saa moja kwenye tope, kati ya mahindi na viraka vya ulezi ambao ulikuwa ndiyo kwanza unatoa vichwa. Mama yetu alikuwa mpika pombe ya ulezi. Alitusomesha kwa hiyo pombe, na watu walikuwa wakitoka vijiji vitatu kuja kunywa kwake. Baada ya baba kufa aliacha, akageuza mitungi yake yote kifudifudi nyuma ya nyumba.

Alimpokea mwanawe vizuri kupita kiasi. Alimwita mgeni. Alimletea maji ya kunawa yeye mwenyewe, akamkataza kusaidia chochote. Siku mbili zilipita hivyo, Kifipa chake kikiwa cha heshima tupu, na mdogo wangu akizidi kunywea. Siku ya tatu mchana aliitoa chupa.

"Mama, hiki ndicho ninachokifanya huko. Baba wa mke wangu ana shamba la zabibu, na mimi ndiye ninayelisimamia sasa. Ni uwanda wa juu kama huu wetu, mawe mengi, na upepo wake wa baridi unang'oa mabati. Udongo ni mwekundu kabisa, una chuma. Mvinyo unaitwa teran. Zamani waliwapa wanawake waliotoka kujifungua, ili damu irudi."

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso. Mdogo wangu alimimina kwenye kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili, na kwa bahati mbaya akaendelea na mafundisho yake.

"Usimeze moja kwa moja. Ishike kwanza mdomoni, isukutue. Ukitaka unaweza kuitema."

Mama aliweka ungo chini.

"Miaka tisa," alisema. "Umetoka huko kote uniletee kitu cha kutema?"

Alichukua kikombe, akanusa kwanza, muda mrefu kuliko nilivyotarajia, nikaona pua yangu mimi kwenye uso wake. Akanywa, akameza. Akakaa akisubiri kama alivyokuwa akisubiri zamani alipoonja pombe yake kujua kama chachu imeshika.

"Chachu kali," alisema. "Na inakausha ulimi. Lakini aliyeipika anajua kazi. Hajatia maji." Akanywa tena. "Hii ni ya lini?"

"Ya mavuno yaliyopita."

"Mliivuna wewe na nani?"

Nilianza kuelewa kabla hajasema, kwa sababu nilikuwa najua miezi.

"Tulikuwa tunavuna dada aliponipigia simu," alisema. "Nilikuwa shambani. Karatasi zangu za kuishi zilikuwa ofisini kwao, na nikitoka kabla hazijatoka nisingerudi. Mke wangu alikuwa mjamzito. Nilibaki. Nilikata zabibu siku hiyo, na kesho yake, na siku mliyozika. Nililia, mama, lakini nilikata. Hizi ndizo zenyewe."

Mama alitazama ndani ya kikombe.

"Baba yako alikuulizia siku mbili kabla hajafa," alisema. "Nilimwambia uko njiani, umeshafika Mbeya. Akasema basi, atakusubiri. Nilimdanganya mtu anayekufa kwa ajili yako."

Mdogo wangu alilia kama mtu anayetapika, ameinama, mikono kwenye magoti. Mama hakumgusa. Baadaye, alipotulia, mama alimnyooshea kikombe, "Mimina." Akanywa chote, bila kutuonjesha. Kisha akarudi kwenye maharage yake. Tulipoaga kesho yake alimwita kwa jina lake la nyumbani, mara ya kwanza tangu afike, lakini hakutusindikiza mpaka barabarani.

Ilibaki chupa moja. Siku ya kuondoka, tukiwa chumbani tunapanga begi, mdogo wangu aliiweka mikononi mwangu. Ilikuwa malvazija, zabibu nyeupe lakini zilizolowekwa pamoja na maganda yake wiki kadhaa, kwa hiyo rangi yake ilikuwa ya chungwa, kama chai isiyotiwa maziwa. "Hii ni yako wewe tu," alisema. "Uifungue taratibu, siku nyingi. Inabadilika. Usimwambie shemeji."

Ningeweza kukataa. Nimelifikiria sana jambo hilo, na kila nikilifikiria najikuta nimesimama palepale, chupa mkononi, mdomo nimeufumba.

Niliificha stoo, ndani ya pipa la ulezi, nikaizika mpaka shingoni. Ilikaa humo wiki mbili. Kisha mume wangu akaenda Matai kupima viwanja, na mimi nikatoka kazini mapema, na nikaifungua. Nilitumia kile kifuniko cha plastiki cha kupimia dawa ya kikohozi, kimoja tu, nimekaa juu ya kigoda stoo mlango ukiwa umeegeshwa. Nilichukua daftari la shule nikaandika. Siku ya kwanza: ganda la chungwa lililokauka juani, chai iliyolala, ukakasi wa ndizi mbichi. Nikairudisha ulezini. Kesho yake nikarudi. Siku ya tatu niliandika masuku, yale matunda ya porini, yaliyoanguka yenyewe yakakaa chini siku mbili. Siku ya sita karanga na asali nyeusi, na uchachu mpya unaotokea mwishoni. Mdogo wangu alikuwa amesema kweli, ilikuwa inabadilika, na mimi nilikuwa nabadilika nayo, nikishinda ghalani katikati ya magunia nikingoja saa tisa ifike.

Sikuwa nalewa. Kifuniko kimoja hakilevyi mtu. Nilijiambia hivyo kila siku, na ilikuwa kweli. Lakini siku ya nane nilijikuta nimesimama kwenye beseni uani natafuna ganda la limau na kusukutua mdomo kabla hajarudi, na mkono wangu ukasimama na kikombe hewani. Nilijua nimemwona nani akifanya hivyo. Nikamaliza kusukutua. Nikampokea mlangoni, nikachukua mkoba, nikamnusa.

Jumapili mimi huenda misa ya kwanza na yeye huenda kanisani kwao baadaye. Niliporudi hakuwa amevaa. Alikuwa amekaa mezani, na mbele yake ilikuwepo chupa, kizibo, kile kifuniko cha dawa, na daftari langu likiwa wazi. Punje za ulezi zilikuwa zimemwagika juu ya kitambaa cha meza.

"Kaa," alisema.

Nilikaa na mtandio wangu kichwani.

"Nimesoma. Umeandika vizuri. Hilo la masuku ni kweli kabisa."

Nikamuuliza: "Umekunywa?"

"Swali lako la kwanza ndilo hilo."

"Nijibu."

"Sijanywa. Niliijua tangu siku ya pili. Unadhani humu ndani mwenye pua ni wewe peke yako? Mimi pombe naisikia hata ikiwa nyumba ya tatu." Aliongea taratibu, kwa sauti ya kazini, kama anayemsomea mtu mipaka ya kiwanja chake. "Nimeifungua mara tatu ukiwa kazini. Mara mbili nilinusa tu. Mara ya tatu nilimimina humu kwenye kifuniko chako, nikakishika mpaka kikapata joto la mkono wangu. Nikairudisha pombe chupani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani umeiweka kunipima."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nilianza kusema kwamba hapana, kwamba ni zawadi, kwamba ilikuwa yangu, na nikaona maneno yangu yanavyotoka. Yalikuwa maneno yake ya zamani, kwa mpangilio uleule. Ni kidogo tu. Sikutaka kukuudhi. Ningekwambia.

"Ungeniambia ungenikuta naondoka mwenyewe mpaka umalize," alisema. "Ningekwenda kukaa kwa jirani, ningeshinda ofisini. Lakini umenificha. Miaka yote nilipokuwa naficha uliniita mwongo, na nilikuwa mwongo. Sasa wewe tukuite nani?"

Niliinuka, nikaibeba chupa kuipeleka uani. Ilikuwa imebaki karibu robo tatu.

"Usiimwage mbele yangu," alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Usiimwage kana kwamba ni mimi niliyekunywa."

Nilisimama nayo. Sikujua pa kuiweka. Mwishowe alitoka yeye, akaenda kanisani amechelewa, na mimi nikaimwaga kwenye shina la mpera. Harufu yake ilikaa pale chini siku nzima, tamu, na nilifunga dirisha.

Jumatatu alisafiri kikazi kwenda Kasanga, ziwani. Ilikuwa safari ya siku mbili. Siku ya tatu simu yake haikupatikana, na ya nne vilevile. Niliwajua watu wa kwenda ziwani, nilijua pombe zinazovuka kutoka ng'ambo, nilijua alivyoondoka. Kazini nilipokea gunia la mahindi mabichi bila kulijua, mwenzangu akaligundua kwa kipimo, akalitenga pembeni. Nilitaka kumpigia mdogo wangu nimtukane, na sikuwa na tusi la kumpa, maana hakunifungulia chupa yeye.

Alirudi siku ya tano mchana. Nilisikia geti, nikatoka. Alisimama hatua mbili kutoka mlangoni, mkoba begani, akaniangalia.

"Haya," alisema. "Ninuse."

"Sitaki."

"Ninuse tu. Tumalize."

Sikusogea. Lakini upepo ulikuwa unatoka upande wake, na siwezi kuifunga pua yangu. Dagaa. Mafuta ya boti. Jasho la siku nyingi. Hakuna kingine. Aliona usoni kwangu kwamba nimeshajua, na uso wake haukuonyesha furaha yoyote.

"Nilitaka kunywa," alisema. "Nilikaa mahali wanapouza, siku ya tatu, tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Sikunywa. Usiniulize kwa nini, sijui."

Alipita akaingia ndani na mkoba wake. Sikuupokea.

Hatukugombana tena kwa ajili ya chupa ile. Tuliongea mara moja, kwa ufupi, tukakubaliana kwamba hakuna kitu kitakachoingia nyumbani, cha kwangu wala cha mtu mwingine, na kwamba nitaacha kumngoja mlangoni. Hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Siku nyingine anapoingia nakaa jikoni nimeshika ukingo wa meza mpaka nisikie amekaa. Binti yetu alipokuja likizo aliuliza kwa nini tunaongea kama watu wa ofisini. Tulicheka wote wawili, tukanyamaza wote wawili.

Mdogo wangu ananiandikia. Anasema baba mkwe wake hakuamini habari ya kizibo mpaka aliposimuliwa mara ya pili, na kwamba mavuno yajayo wangependa nifike niwaonjee mapipa, watanitumia barua ya mwaliko. Anasema mtu mwenye pua kama yangu huko ana kazi ya maisha. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Sijamjibu. Nikimwambia mume wangu ataniambia niende, na sijui atakuwa anamaanisha nini.

Mwezi wa sita tulikwenda wote wawili kumsaidia mama kuvuna ulezi. Baridi ilikuwa kali na nyasi za vilimani zimeshageuka rangi. Tulikuwa tunakata vichwa kwa visu vidogo, kila mtu na mstari wake, mama akiwa mbele sana anatuacha. Mume wangu alikuwa mstari wa pembeni yangu. Tulikata mpaka vikapu vikakaribia kujaa. Kisha, bila kuinua kichwa, aliniuliza:

"Ile ya mwisho. Siku ya kumi, kumi na moja. Hukuandika. Ilikuwaje?"

Nilisimama na kisu mkononi. Nilitafuta kwenye sauti yake kama ni mtego, kama ni kiu, kama ni msamaha, na sikuona.

"Ilikuwa imetulia," nilisema. "Ukakasi ulikuwa umekwisha. Ilibaki kama nta, kama mzinga uliotolewa asali. Na chumvi kidogo mwishoni, ambayo sikuitegemea."

"Chumvi?"

"Kidogo sana. Inakuja ukishameza. Halafu inakaa..."

"Basi," alisema, kwa upole. "Inatosha."

Alichukua kikapu chake kilichojaa, akaenda kukimwaga kwenye turubai, na akakawia kidogo huko kabla ya kurudi kwenye mstari wake.